Nilivyomtafsiria Hamisi

Satwa, Jumanne

Da Zena wangu, salamu zikufikie, na joto la huku Uarabuni libaki huku huku.

Jana hospitali ya wagonjwa wa akili walikaa kikao cha kuamua kama mdogo wetu Hamisi aruhusiwe, nirudi naye Tanga. Daktari wa kikao, mzee wa Kisudani, alivuta kiti akakaa naye, mimi nikitafsiri kwa Kiarabu changu cha jikoni nilichookota Maskati. Hamisi akasema weee! Mimi nikafupisha: "Anasema amepona, anataka kwao."

Mzee akanitazama. "Mama, yeye kasema mengi, wewe umeniletea machache. Usimpambe. Nipe maneno yake."

Nilitamani awe na haraka kama madaktari wengine. Nikayatoa yote, dada: kwamba vitumbua vyangu vina sumu, kwamba mimi si dada yake, nimevaa tu sura ya huyo dada. Mzee akaningoja nimalize kulia, ndipo akamgeukia tena Hamisi, taratibu, kama baba.

Wameamua abaki. Alhamisi narudi peke yangu. Mwambie mama polepole, akishaswali, ila usimwambie nani aliyetafsiri.

Mungu akushike mkono, dada yangu.

Mdogo wako, Mwajuma