Homa ya Mtoto na Dagaa wa Kuanika

Alhamisi. Mawingu tangu alfajiri, jua linachungulia na kujificha. Naandika miguu ikiwa kwenye beseni la maji ya chumvi, maana imevimba.

Leo ilikuwa siku ya mwisho ya kampeni ya chanjo kwa watoto waliokosa dozi zao. Gari la matangazo limezunguka Kibirizi asubuhi nzima. Hadi saa tano hema letu lilikuwa limepata watoto wawili, mmoja wao wa mama aliyetukodishia viti.

Nilikuwa nimejiandaa kujibu uvumi. Hakuna aliyeniletea uvumi wowote.

Nikabeba kiboksi cha baridi cha chanjo, nikawafuata akina mama ufukweni mwa ziwa. Kumbe wako wote huko. Ni siku za giza, usiku hauna mwezi, mitumbwi inarudi imejaa, dagaa wametandazwa kila mahali. Mbalamwezi ikirudi wavuvi hupumzika na akina mama hupata nafasi. Kila mtu Kibirizi analijua hilo. Sisi tuliopanga tarehe ofisini hatukumuuliza hata mmoja.

Mama Zawadi ana binti wa miezi minne aliyekosa sindano ya pili ya kuzuia kifaduro. Hakuwa na ubishi. Alisema ile ya kwanza ilimletea mtoto homa usiku kucha, kesho yake hakuweza kumtua mgongoni hata kidogo, mvua ikashuka, dagaa wote wakaoza.

"Nesi, chanjo naitaka. Ila akichemka kesho, nani atanigeuzia dagaa?"

Nikaanza kumweleza kwamba homa hiyo ni ya kawaida, inapita. Anajua. Ndiyo anayoiogopa.

Mwezi uliopita nilikaa wodini na mtoto wa umri huohuo mwenye kifaduro, akikohoa mpaka midomo inabadilika rangi. Sikutaka kumtisha mama wa watu. Niliogopa mimi, na nilikuwa nimechoka, na mdomo ukanitangulia.

"Nitakuja kukugeuzia mimi."

Akanitazama, akauliza kwetu ni wapi. Nikasema Singida, nchi ya kuku na alizeti. Akacheka mpaka akajishika kiuno. Kisha akafunua paja la mtoto.

Wenzake walikuwa wanasikiliza. Wakaja wengine, kila mmoja na mtoto wake, kwa sharti lilelile. Ningewakatalia vipi?

Kwa hiyo kesho, siku niliyopanga kulala mpaka mchana, nitakuwa mchangani tangu asubuhi. Sijawahi kuanika dagaa maishani mwangu. Mgongo unaniuma hata kabla sijainama, na nina hasira na ile ratiba, na nina hasira na mdomo wangu.

Baada ya wiki nne watoto hawa wanatakiwa kuchomwa sindano inayofuata. Dagaa wakiniozea mikononi, hakuna mama atakayenifunulia paja la mtoto tena.

Sasa hivi nasikia matone ya kwanza kwenye bati.

Ee Mungu, siombi mapumziko. Naomba jua.