Shikamoo kwa Waliozama

Chato

Mwanangu Limi,

Simu yako haipatikani, nimeona nimpe Mwamvua barua hii, anakuja Shinyanga kununua vitenge. Mimi sijambo. Yule mbuzi mweupe kazaa mapacha. Tangu tumzike baba yako nyumba imekuwa kubwa, lakini usihangaike.

Jioni natembea kando ya mto mpaka unapoingia ziwani, pale ilipozama ile meli ya enzi za Wajerumani. Maji yamepungua, bomba lake la moshi limejitokeza, ndege wamelikalia. Unakumbuka ulivyokuwa unaning'ang'ania kanga tukipita? Watu bado wanawaamkia waliozama, "Shikamooni," halafu wanaharakisha wasije wakasikia "Marahaba." Wanasema anayeitikiwa huwafuata kabla mwaka haujaisha.

Jana Mama Wiliam alinivuta mkono. "Twende, unangoja nini hapo?"

Nikamwambia mchanga umeniingia kiatuni.

Kiatu kilikuwa safi, Limi. Nilikuwa nasikiliza.

Ukipata nafasi, njoo uniamkie wewe. Nitakuitikia.

Mama yako