Wizi Nilioutangaza Jumamosi

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Mwanajuma ameondoa riwaya ya Parvin kwenye rafu. Kaniambia mwenyewe asubuhi, mlangoni mwa duka lake la vitabu, kitambaa cha vumbi mkononi. Anasema watu hawaji kuinunua, wanakuja kuicheka. Mmoja ameuliza kama inauzwa pamoja na nyimbo zake.

Chanzo ni kipindi changu cha juzi. Nilisema redioni kwamba *Mke wa Mrina Asali*, riwaya ya kwanza ya Parvin, mke wa Sultanali wa duka la vitambaa, imeibwa kutoka filamu ya Kihindi. Kote kuwili mwanamke anajifanya bubu miaka mingi kwa sababu dada yake ameolewa mahali pake. Anafungua mdomo mara ya kwanza mahakamani. Riwaya imetoka mwezi wa saba. Filamu niliiona mwaka jana, kibanda cha video cha mtaa wa Cheyo, kwa macho yangu. Kwa hiyo sikubahatisha.

"Umetisha, dada Yustina," Mwanajuma akasema. Haikuwa sifa.

Mwalimu Elieth naye amefuta mwaliko. Parvin alikuwa asome mbele ya wanafunzi wake Ijumaa hii. Kazi ni kazi, nikajiambia. Nimekula chakula cha mchana vizuri tu.

Jumanne, 9 Septemba

Nilikwenda kwa Bhavesh kununua kufuli. Duka la vifaa vya ujenzi, yeye na kaunta yake. Akaniamkia "shikamoo mama wa redio," nikaitikia. Kisha akasema ile filamu ameiona mara tatu, kwa Kihindi chenyewe, na tangu Jumamosi anajiuliza: huyo bubu ni yupi?

Nikamweleza. Shemeji. Mwenye sari ya kijani. Haongei mpaka mahakamani.

Alicheka mpaka akakalia mfuko wa saruji. "Huyo si bubu, mama. Hana sehemu tu! Wamemweka nyumba isionekane tupu. Mahakamani anasema nilimwona, basi, kaenda zake."

Na dada aliyeolewa mahali pake?

"Dada gani?"

Nikauliza tena, polepole, kama ninavyowauliza wakuu wa idara. Hakuna dada. Hakuna ndoa ya kubadilishana. Shujaa anagombea shamba la miwa na mjomba wake, hiyo ndiyo hadithi yote.

Nikatoka bila kufuli.

Mimi niliiona filamu ile kwa sauti ya Lukumani. Huku kwetu ndivyo tunavyoziona — picha ni ya Kihindi, juu yake anaongea Lukumani. Anapunguza sauti ya filamu, anasema kwa niaba ya wote: shujaa, mama mkwe, hakimu. Polisi wake wote huongea kama watu wa Nzega. Nimeisikia sauti hiyo miaka mingi mno, nimesahau kwamba kuna mtu nyuma yake anayeamua cha kusema.

Vijana wa chumba cha habari nawasumbua kila siku: nenda kwenye chanzo. Mimi nilikwenda kibandani, nikakaa kwenye benchi, nikatosheka.

Jumatano, 10 Septemba

Nyumbani kwa Lukumani, Cheyo. Chumba anachorekodia kina godoro lililoegemezwa dirishani, kelele za jirani zisiingie. Shikamoo, marahaba. Nikamwuliza bubu alimtoa wapi.

Kwanza akasema filamuni. Nikamweleza aliyoyasema Bhavesh. Akavua kofia.

"Ni zile nyimbo, dada. Filamu ile ina nyimbo ndefu. Watu kibandani wakichoka wanapiga miluzi. Sasa wale wakicheza kwenye maua, mimi nawapa hadithi. Yule wa kijani alikuwa kasimama tu, kanuna. Nikampa yeye."

Hadithi ya nani?

Akaangalia godoro. Mkewe Anifa, aliyekuwa anafua uani, akajibu kwa niaba yake: "Si ile ya Parvin? Ya kwenye simu."

Hapo nikayapata yote. Kabla ya kuchapa kitabu, Parvin alikuwa akiwasomea wateja wake wa vitenge, sura moja moja, kwa ujumbe wa sauti kwenye kundi la simu. Anifa alikuwa akisikiliza huku anapika. Lukumani akasikia kupitia mlangoni.

Yeye anasema hakuona kama ni kuiba. Ilikuwa nzuri, akaona na wanaume waipate. Alidhani ni hadithi za wanawake za kupitishia muda, hazitakuwa kitabu.

"Usinitaje, dada yangu. Watu wakijua naongeza, watasema nadanganya tangu mwanzo mpaka mwisho."

"Kwani hawajui?" Anifa akasema. "Mama mkwe wa Kihindi anataka ugali wa muhogo, na wewe unafikiri hawajui?"

Walijua wote, basi. Mabenchi yote yale. Isipokuwa mwandishi wa habari.

Kilichoibwa kilikuwa cha Parvin. Mimi nimesimama hewani nikamwita mwenye mali mwizi.

Alhamisi, 11 Septemba

Dukani kwa Sultanali. Alikuwa anapima kitambaa cha mteja. Hakuniangalia mpaka alipomaliza kukata. Parvin akatoka nyuma, akanivutia kiti, akaagiza chai. Afadhali angenitukana.

Nikamwambia kila kitu kwa mpangilio: kibanda, Bhavesh, Lukumani, Anifa. Mwisho akasema, "Kumbe Lukumani aliipenda."

Nikaomba radhi. Akatingisha kijiko kwenye kikombe.

"Uliposema nimeiba nilikasirika, nikasema huyu kakosea, watu hukosea. Uliposema lile lingine ndipo nilipozima redio."

Nilijua ni lipi. Lilikuwa hivi: *Dada Parvin amechukua cha kwao, akatuletea kama chetu.* Nililiandika Ijumaa mchana. Nikalisoma kwa sauti, nikaona linakaa vizuri mdomoni. Hakuna aliyenipa sentensi hiyo. Si Lukumani. Kuhusu bubu nilidanganywa, lakini hilo la "kwao" nilikuwa nalo tayari, lilikuwa linasubiri kazi.

"Kwetu Cheyo, dada," akasema. "Babu yangu kazaliwa hapo, kazikwa hapo. India naijua kwa televisheni, kama wewe. Mrina asali wa kitabuni ni mzee wa Usinge aliyekuwa akimletea mama yangu asali na nta. Nimemfuata hadi msituni kumwuliza mizinga inatundikwaje. Wewe umewahi kufika?"

Sijawahi. Ripoti zangu zote za asali nimeziandika kutoka kwenye semina.

Radhi yangu ameisikia, anasema, lakini sikumsema pale dukani, nilimsema hewani. Jumamosi duka hujaa, redio itakuwa juu. Nimtaje kwa jina, na hilo la kwao nalo nilitaje.

Sultanali akanisindikiza mpaka barazani. Alikuwa bado ameshika futi ya kupimia. "Mimi ndiye niliyekuwa namkataza kuandika," akasema. "Nilikuwa nalalamika chai inachelewa. Sasa kitabu cha pili ameacha katikati, chai inakuja mapema, na siipendi."

Ijumaa, 12 Septemba

Majidi, meneja wa kituo, hataki. Au anataka kidogo. Amependekeza tuseme kulikuwa na kutoelewana kuhusu "mwandishi mmoja wa hapa mjini." Nikamwambia watu wote wanajua ni nani. Akasema basi hakuna haja ya kumtaja.

Mantiki hiyo naijua. Nimeitumia mwenyewe kwa habari za wengine, kwa utulivu huo huo.

Hoja yake nyingine ni Lukumani. Anasoma matangazo yetu, watu wanampenda. Na hilo la "kwao," Majidi anasema, halikumkera mtu yeyote, hakupokea simu hata moja. Nikamwuliza alitarajia nani apige.

"Dada Yustina, usinianze."

Nimeandika ukurasa mmoja. Nimefuta "inasemekana." Nimefuta "iwapo kuna aliyekwazika." Maneno haya yanakuja yenyewe, vidole vimeyazoea. Mwalimu Elieth nimempigia, nimemsomea. Anasema atasikiliza kesho kwanza, ndipo aamue kuhusu Parvin. Mwanajuma kasema hivyo hivyo. Hakuna anayetaka kuupokea ukweli simuni kutoka kwangu. Wana haki.

Jumamosi, 13 Septemba

Studio. Nimemkuta Lukumani kwenye benchi la nje, shati limepigwa pasi. Sikumwita. Anasema Anifa amemwambia asirudi nyumbani kama hajasema.

"Kwani wewe ungesemaje ilivyokuwa?" ameniuliza. "Hukuwepo. Nitasema mwenyewe."

Nimemwingiza. Majidi ameona, hajamzuia, lakini ameniletea karatasi iliyochapwa upya. "Mwandishi mmoja wa hapa mjini" ipo, mstari wa kwanza. Mstari wa "kwao" haupo.

Mwanajuma ametuma ujumbe: wanasikiliza dukani. Kwa Parvin sijapiga. Hakusema nipige.

Wimbo wa kufungulia kipindi unacheza. Lukumani amekaa mbele yangu, ameshika maikrofoni kama anayeogopa itaanguka. Ameuliza atumie sauti ipi. Nimemwambia yake. Amekohoa. Ameuliza nani anaanza.

Mimi.

Majidi yuko nyuma ya kioo, anaonyesha karatasi yake kwa kidole, mstari wa kwanza. Karatasi mbili ziko mezani kwangu, hiyo yake na niliyoiandika jana. Ubeti wa mwisho umeingia. Ukiisha, taa ya hewani inawaka.