Jina la Baba Mkwe Limefuta Barua ya Baba Mkwe

Mshauri mpendwa, mwangaluka, ndiyo salamu ya kwetu, niokoe kabla Flora hajapewa mtu mwingine, maana mimi Method, fundi wa kompyuta namba moja Bariadi mjini (kidato cha pili nilikiacha mwenyewe, hakikuniacha), nimeharibu uchumba kwa kidole kimoja. Nachapa barua za watu ofisini kwa Mama Eufrasia, na kompyuta yetu ina programu ya kuandikia ambayo mtu mwerevu anaweza kuitungia amri zake, unaandika neno moja, unabonyeza, kazi imefanyika, ila ina sharti, jina la amri yako lazima lianze na herufi kubwa, kwa sababu majina ya herufi ndogo ni ya programu yenyewe, ukijaribu inakugombeza kwa maandishi mekundu. Nikajiuliza, kitu gani huanza na herufi kubwa? Watu! Nikawapanga humo: Scola anaweka tarehe, Novatus ananyoosha mistari, Method anahifadhi, na ya kufuta ukurasa mzima nikaiita Mwandu, kwa heshima kabisa, maana huyo ni baba yake Flora kule Ngulyati, akikohoa tu uwanja unabaki mtupu.

Jumamosi akaja mwenyewe, nimchapie barua ya kuwaita ndugu zake wa Malampaka kwenye mazungumzo ya ng'ombe wa mahari, ndiyo, mahari yangu mimi, akasimama nyuma yangu na miwani yake, nikakosea, nikaandika amri, nikabonyeza, ukurasa mweupe.

"Umeandika nini hapo?"

"Jina lako, baba."

"Na barua yangu iko wapi?"

"Umeifuta, baba."

Wateja walicheka hadi mmoja akakalia karatasi za mwenzake. Unajua kwetu baba mkwe hatajwi jina, na mimi sijalitamka hata siku moja, naapa, nilidhani kulichapa siyo kulitaja. Mzee akachukua kofia: "Ng'ombe zako kaa nazo, uziamrishe."

Nafikiria kumpandisha, nimpe ile amri ya kuhifadhi, mimi nihamie kwenye tarehe. Nifanyeje?

Method, Bariadi

*

Method, pole, lakini nakugombeza pia. Umeniandikia majina ya amri tele, na kuhusu Flora hujasema hata kama analia.

Programu ilikufundisha adabu bure: jina lenye mwenyewe usiliguse. Ukaliacha la mashine, ukaenda kuchukua la mkweo! Na hilo la kuchapa siyo kutaja kawadanganye wenzako wa kijiweni. Mdomo uliufunga, kidole kikamwita mzee wa watu kutwa nzima, tena kwa kazi ya kufuta.

Kumpandisha nakukataza. Mzee hataki cheo, anataka kutoka humo ndani. Kesho asubuhi, kabla ya mteja wa kwanza, ondoa watu wote, hata wewe uliyejipa kazi nzuri kuliko wenzako. Amri ipe jina la kazi yake, Futaukurasa, Wekatarehe. Herufi kubwa ipo, programu itakubali, na hakuna ukoo utakaolalamika.

Kisha barua ya Malampaka iandike upya kwa mkono, mwandiko wa kusomeka. Mjomba wako atangulie nayo Ngulyati, wewe fuata nyuma. Mjomba ndiye aseme. Ukiulizwa, jibu "nimekosa, baba," uishie hapo. Ukianza kumfafanulia kompyuta inavyofanya kazi, basi utaioa hiyo hiyo kompyuta.