Kitambaa cha Maji

Shoga, niko kwa mdogo wangu. Bado siamini!

Unajua mimba ilivyomzidishia kipandauso. Daktari alimkataza vidonge vikali, mumewe akavimwaga vyote chooni. Na kila mdogo wangu akijilaza gizani na kitambaa cha maji usoni, bwana anafungua pazia: "Acha kudeka, mama yangu alizaa sita."

Leo jino limemshika yeye. Analia kama mtoto, anaomba kidonge.

Mdogo wangu kamrushia kile kitambaa, akafungua pazia lote. "Acha kudeka. Mama yako alizaa sita."

Alizaa sita, shoga! Kamwambia hivyohivyo!

Nikasema nikimbie duka la dawa, liko hapo chini tu. Kafunga mlango, ufunguo kautia kwenye sidiria.

"Kaa, dada. Chai yako inapoa."