Neno Aliloambiwa Panya

Wiyani mdogo wangu,

Theluji ya Hatusa inayeyuka, ila mkate wa huku haujafikia wa kwetu Tuwanuwa. Shemeji bado anakoroma?

Waandishi wa mfalme wameniita niwasimulie tiba ya marehemu mama, ile ya kumzungushia mgonjwa uzi mwekundu, kisha kumfunga panya uzi huohuo akimbie nao milimani pamoja na ugonjwa. Nikawaeleza yote, pamoja na lile neno alilokuwa akimwambia panya. "Maana yake?" wakauliza. Sikujua. Mmoja akasema ni letu la kale, mwingine akasema limetoka mashariki. Nusura wakabane koo!

Unakumbuka ulivyomuuliza mama maana yake, akakujibu: "Panya ameelewa, wewe yanakuhusu nini?" Tulicheka hadi panya akatuponyoka, akazama kwenye unga na uzi wake. Unga wote ukamwagwa, tukalala njaa, bado tunacheka.

Armaziti, anayeniandikia barua hii, ananihimiza nikuombe uwaulize bibi wa huko maana ya lile neno. Ananikazia macho hapa, maskini. Usijisumbue.

Homa iliyonishika wakati wa mavuno haijaniachia, Wiyani. Uzi ninao. Neno ninalo, lakini unajua mgonjwa hajisemei mwenyewe, na wa huku wakilitamka ni kama wanasoma. Wewe una sauti ya mama kabisa.

Maana waachie waandishi. Njoo tu ulitamke. Panya wapo tele.

Dada yako anayekungoja,
Muwatti