Eda ya Mama Mkubwa

Bagamoyo, Siku ya Mashujaa. Mawingu tangu alfajiri, na kipupwe cha kutoa shuka kabatini.

Kwa masikitiko makubwa natangaza kifo cha redio ya nyumbani. Imefariki asubuhi hii ikirusha maadhimisho, katikati ya dakika moja ya kimya ya kuwakumbuka waliokufa vitani, ndiyo maana tulichelewa kugundua. Mama mkubwa, dada yake mama, alikuwa amesimama. Mimi na mama tukasimama. Dakika ikawa ndefu kama hotuba, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukaa.

Hapo ndipo Mama mkubwa aliposema anataka kukaa eda.

Mumewe alikwenda vita vya Kagera, akafia Uganda. Wenzake waliporudi walisema wamemzika kwa mikono yao. Mama mzazi wa marehemu hakukubali. Mmezika mtu mwingine, aliwaambia, na chai hakuwapa. Tangu siku hiyo katika nyumba ile ya ukweni, kijijini Mlingotini, haikusomwa hitima, na Mama mkubwa alikatazwa eda: ukivaa nyeupe, wewe ndiye uliyemuua mwanangu. Kila Idd aliipiga pasi kanzu ya mumewe, ikatundikwa, ikasubiri.

Taifa huwakumbuka mashujaa wake mara moja kwa mwaka. Yule bibi, mama wa marehemu, alimkumbuka wake kila siku, kwa kukataa kwamba amekufa. Sijui nani kamtendea haki.

Bibi tumemzika mwaka huu. Arobaini ilipopita, Mama mkubwa akahamia kwetu na sanduku moja. Kumbe ndani mlikuwa na nguo nyeupe.

Mama, ambaye ulimi wake hauna breki, alicheka. "Dada, eda ni kuwasubirisha wachumba. Hapo mlangoni kapanga foleni nani?"

"Walikuwapo," akajibu. "Mkwe wangu aliwafukuza."

Mama hakucheka tena.

Nikatumwa kwa sheikh. Njia nzima natunga hoja za fikihi, maana nasoma sana vitu visivyonihusu. Sikuzihitaji. Sheikh alisikiliza, kisha akasema kwa upole kuwa eda huhesabiwa tangu siku mume alipofariki, si siku mke alipopata nafasi ya kulia. Miezi minne na siku kumi. Ikipita imepita, hairudiwi.

Nilirudi polepole. Nimewahi kupeleka habari za misiba. Sijawahi kupeleka habari kwamba msiba umeshapita.

Nilimkuta ameshavaa nyeupe, ameketi mkekani, uso umetulia kuliko nilivyowahi kuuona. Nikamwambia. Hakulia. Aliuliza tu ilikwisha lini. Kwa maelezo ya wale waliomzika, mumewe alikufa wakati wa masika. Nikahesabu kwa vidole, nikamwambia ni karibu na Idd ya mwaka uleule.

"Idd ile nilimpigia pasi kanzu," akasema.

Nilitaka kumwambia kwamba kungoja kwake kote nako kunahesabiwa. Sikujua kunahesabiwa na nani.



Nguo nyeupe amezivua. Sasa hivi yuko jikoni, analoweka mchele wa vitumbua vya kesho.